Mbuyu Usiozaa: Safari ya Siku Mbili katika Nyika ya Tsavo



Ndugu wasomaji, wengi wetu tuliozaliwa mwambao tumeipa nyika mgongo. Tunaivuka usiku ndani ya basi tukienda Nairobi, mapazia yamefungwa. Au tunaipita mchana ndani ya treni, tukichungulia dirishani kama kutaonekana ndovu, na asipoonekana twasema hapakuwa na kitu. Vichaka, miiba na vumbi jekundu hatuvihesabu. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi mwaka jana, na safari ninayowasimulia haikuanza kwa hamu ya kuona wanyama. Ilianza kwa mzozo wa mti mmoja.

Katika shamba letu la urithi kule Takaungu umesimama mbuyu. Babu aliukuta, na baba yake pia aliukuta. Kila mwaka huchanua, lakini tangu nipate akili sikumbuki kuuona ukiwa na mabuyu yanayozidi vidole vya mkono mmoja, hali ya kuwa mibuyu ya majirani huinama kwa mazao. Watu wa pale huuita mbuyu dume. Mwaka jana Ami, mdogo wake baba, alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, na mbuyu ukawa umeangukia katikati ya msingi. Tukakusanyika wenye hisa ili tukubaliane. Ami akasema, "Mti usiozaa wa nini? Unakula ardhi bure, na popo wake wananichafulia kuta."

Baadhi wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa Shangazi alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango, tasbihi mkononi. Shangazi yetu hakujaaliwa mtoto. Aliachwa kwa sababu hiyo akiwa na miaka thelathini, na tangu hapo amelea watoto wa nduguze, nikiwemo mimi baada ya mama kufariki. Hakusema neno. Aliinuka, akaenda kutia udhu.

Mwezi wa Novemba shule zilipofungwa, mume wangu akapendekeza tumtoe Shangazi kidogo, abadilishe hewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyechagua Tsavo. Alisema marehemu babu yake alikuwa akisimulia habari za misafara iliyotoka Mombasa ikipita Taru, Maungu na Ndara, naye katika umri wake wote hakuwahi kuitia nchi ile machoni.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, gari la kukodi, mahamri na mbaazi katika hotipoti, chai katika chupa mbili. Baada ya Mariakani na Samburu, minazi ilikwisha nyuma yetu na ardhi ikageuka rangi. Tulipumzika Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio kando ya reli, unaojulikana kwa jina la Sayyid Baghali, ambaye husimuliwa kuwa alifanya kazi katika ujenzi wa reli ya zamani. Pana maji, pana kivuli, na pana mahali pa wanawake kusali. Waliotaka wakasali Dhuha. Msafiri wa barabara hii mwenye watoto na afanye kama sisi, kwani mbele yake vituo vyenye utulivu kama huo ni vichache.

Voi ni mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Mombasa. Hapo ndipo lilipo lango kuu la Tsavo Mashariki. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa pande mbili kwa urahisi wa kuisimamia, Mashariki na Magharibi. Kwa pamoja ni kilomita za mraba zipatazo 22,000. Mvua yake ni haba, na huja kwa misimu miwili kama yetu, masika na vuli, ila vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Langoni tulimchukua muelekezi, kijana wa Kitaita mwenye adabu, ambaye tangu alipomwamkia Shangazi akawa anamwita Mama, naye akamwita mwanangu.

Tulikuwa tumewahi. Mvua za kwanza zilikwisha kunyesha wiki moja kabla, na ile nyika ambayo miezi yote huonekana kama kuni zilizosimama ilikuwa imetoa majani mabichi. Muelekezi hakutukimbiza kutafuta simba. Alisimamisha gari kando ya vichaka vyenye magome yanayobambuka kama karatasi, akatwambia kwamba sehemu kubwa ya msitu huu mfupi ni miti ya jamii ya manemane, ikichanganyika na migunga. Shangazi akaniangalia. Manemane tunaijua kwa duka la dawa za Kiarabu. Nani aliyejua kuwa ndugu zake wanaota safari ya asubuhi moja kutoka nyumbani? Hata mti wa jamii ya ubani, akasema, huota katika nchi kavu za Kenya. Utomvu ule tunaoufukiza ni dawa ya mti wenyewe. Ukijeruhiwa, huutoa kuziba jeraha.

"Na miti hii, Mama," akaendelea, "ina waume na wake. Huu utatoa maua, hautazaa kamwe. Ule pale ndio utakaozaa."

Watoto wakacheka, lakini jambo hili si geni kwetu. Kila mwenye mpapai uani anajua papai dume, na Waarabu tangu kale walijua mtende wa kiume na wa kike. Imepokewa katika Hadithi kuwa Mtume, sala na amani zimshukie, aliwakuta watu wa Madina wakipandikiza mitende yao kwa mkono, akadhani pengine hakuna haja. Walipoacha, mavuno yakapungua, naye akawarudishia wenyewe jambo la ukulima wao. Kwa hiyo kazi hii ya kuufikisha unga wa ua la kiume kwenye ua la kike, ambayo vitabuni huitwa uchavushaji, watu wa dini hii waliijua zamani. Huko Madina mkono wa mwanadamu ndio uliokuwa mshenga. Nyikani hakuna mkono. Basi nani mshenga?

Swali hilo lilitushughulisha siku nzima.

Kwa nyasi, mshenga ni upepo. Nyasi hazina rangi ya kupendeza wala harufu, kwa sababu hazina wa kumwita. Hupeperusha unga wake mwingi hewani, na kidogo hufika. Qur'ani katika Sura ya Al-Hijr imezitaja pepo kwa kazi hii ya kuzalisha, na wafasiri wakaieleza kwa mawingu na kwa miti pia. Lakini migunga haitoshelezwi na upepo. Vijiua vyake vidogo vimejikusanya kama shada la manyoya, unga wake hushikamana, nayo humhitaji nyuki na wadudu wenzake.

Hapo muelekezi alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Ng'ambo ya Tsavo Magharibi, upande wa Tanzania, iko hifadhi ya Mkomazi, nyika ile ile iliyokatwa na mpaka wa wanadamu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Pat Willmer na Graham Stone, walikaa huko wakiichunguza migunga. Walikuta aina mbalimbali za migunga zimechanua msimu mmoja, mahali pamoja, zikitegemea nyuki wale wale. Mtu angedhani zitagombana, na unga wa aina moja utapelekwa kwa nyingine upotee bure. Kumbe kila aina ina saa yake. Moja hutoa unga wake asubuhi, nyingine mchana, nyingine baadaye, na nyuki huhama kutoka kwa hii kwenda kwa ile kadiri jua linavyopanda. Nikakumbuka zamu za kuteka maji katika mtaa wetu zama zile za bomba moja, ambapo hakuna aliyepata akamnyima mwenzake.

Wakaona na la pili. Upo mgunga mmoja ambao jina lake la kitaalamu limechukuliwa kutoka Zanzibar. Miiba yake imevimba na ina uwazi ndani, na humo hukaa sisimizi wakali wanaomshambulia kila anayekula majani. Sasa, nyuki atatua vipi kwenye mti wenye askari kama hao? Wataalamu hao walieleza mwaka 1997 kwamba ua changa, wakati linapotoa unga wake, hutoa pia kitu kinachowafukuza sisimizi, hivyo nyuki akapata nafasi ya kufanya kazi. Ua likishapokea unga na kuanza kufanya mbegu, ile dawa hupungua, sisimizi hurudi, na mbegu changa ikawa na walinzi. Shangazi alisikiliza yote, kisha akasema, "Subhanallah. Mlango hufungwa kwa wakati wake na hufunguliwa kwa wakati wake."

Adhuhuri na Alasiri tulizisali kwa kukusanya na kupunguza, katika eneo linaloruhusiwa wageni kushuka. Nawakumbusha wenye nia ya kwenda: hifadhini hushuki garini popote upendapo, hata kwa ajili ya sala, bali mahali palipotengwa tu, kwa hiyo pangeni nyakati zenu mapema na mchukue maji ya udhu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na mifuko ya plastiki ya kutumiwa mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, basi maji yachukuliwe kwa madumu na chupa za kudumu.

Jioni tulitoka hifadhini tukafika kambi ya wageni tuliyopanga kulala, kwenye mteremko wa kilima cha mawe. Penye ukingo wa kambi ulisimama mbuyu. Muelekezi akatwambia tusiondoke karibu nao mpaka Magharibi ipite.

Mibuyu ya Tsavo ina historia ya huzuni. Katika miaka ya 1960 ndovu walizidi humo, na kwa njaa yao wakaangusha vichaka vya manemane, wakachubua mibuyu na kuichimba kwa pembe ili wapate unyevu wa ndani ya shina. Nchi iliyokuwa msitu mfupi uliofungamana ikageuka uwanda wa nyasi. Wakuu wa hifadhi na wataalamu wakabishana kama ndovu wapunguzwe kwa bunduki au waachwe. Wakaachwa. Kisha ukaja ukame wa 1970 na 1971, maelfu ya ndovu wakafa, wengi wao majike na watoto wao. Baada ya hapo wakaja majangili wa pembe, wakaangamiza waliobakia hadi idadi ikawa ya kutisha. Ndovu walipopungua, vichaka vilirudi. Lakini mbuyu haurudi kwa haraka hiyo. Hukua polepole, huchukua miaka mingi kabla ya kuchanua, na katika nchi za kusini mwa Afrika imepimwa mingine ikakutwa imepita miaka 1,000. Mibuyu iliyookoka katika maeneo ya ndovu wengi, mara nyingi ni ile iliyosimama penye mawe na miinuko ambako ndovu hupata taabu kufika. Huu wa kambi ulikuwa mmoja wao.

Tulisali Magharibi kwenye mkeka chini ya kibanda. Tulipotoa salamu na kumaliza nyiradi, mwanangu wa mwisho akaja mbio: "Mama, yanafunguka!"

Kweli yalikuwa yakifunguka. Matumba makubwa kama ndimu yalikuwa yakining'inia kwa vikonyo virefu, na macho yetu yakiangalia, maganda yake ya nje yakapasuka na kukunjika nyuma, petali nyeupe zikajitanda. Katikati ikatokeza nyuzi nyingi zilizofungamana kama pafu la poda, na kati yao ukapenya uzi mmoja mrefu zaidi. Haikuchukua muda mrefu. Harufu yake si asumini wala kilua. Ni nzito, ina uchachu, na binti yangu mkubwa aliziba pua. Muelekezi akacheka. "Harufu hii si yetu sisi. Ni ya popo."

Kiza kilipoingia wakaja. Kwanza tulisikia mabawa, kisha tukawaona katika mwangaza wa mbalamwezi wakilishika ua kwa kucha, wakizamisha nyuso zao katika zile nyuzi kunywa utamu, na kuruka kwenda ua jingine, au mti mwingine kabisa. Popo hawa ni wale walao matunda, ambao huruka masafa marefu kwa usiku mmoja. Nyuso zao hupakwa unga, na unga huo ndio mahari. Nondo nao huja, na komba pia huonekana akiyatembelea maua, ila popo ndiye afikaye mbali. Ua hungoja usiku mmoja huo tu. Asubuhi petali zake huanza kunyauka na kugeuka rangi ya kutu, kisha huanguka, lipokee mgeni lisipokee.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti, mtandio umemfunika mabega. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huu nao ni dume au jike?"

"Hakuna mbuyu dume, Mama, wala mbuyu jike. Si kama ile ya manemane tuliyoiona mchana. Kila ua la mbuyu lina yote mawili ndani yake. Zile nyuzi nyingi ndizo zenye unga. Huu mmoja mrefu ndio unaopokea."

"Kwetu tunao usiozaa."

"Iko, Mama. Hata wataalamu wameikuta, kusini huko. Mibuyu inayozaa sana na mibuyu inayozaa kidogo mno, na maua yao yote yana unga. Mbuyu haujitoshelezi kwa unga wake wenyewe, hutaka unga wa mwingine. Kwa hiyo ule usiozaa, wao wameona huenda ndio unaowatilia wenzake. Ukiukata, pengine utashangaa wa jirani umepunguza."

Shangazi hakujibu. Tulikaa pale mpaka wakati wa Isha. Nilimsikia tu akivuta pumzi ndefu, na tasbihi ikianza tena kupita vidoleni mwake. Nami nikakumbuka kuwa Sura ya Ash-Shura imeutaja uzazi na utasa pamoja, yote kuwa ni katika ugawaji wa Mola mmoja, Mjuzi na Muweza, wala haikumtaja yeyote kati yao kwa lawama. Sisi ndio tuongezao lawama.

Siku ya pili tulikata hifadhi kuelekea mashariki kwa kuufuata mto Galana, ambao ni mto ule ule wasomaji wetu wa Malindi wanaoujua kwa jina la Sabaki. Hutokana na kukutana kwa Athi na mto Tsavo, hupita chini ya uwanda wa Yatta, hurukia mawe katika maporomoko ya Lugard, kisha huanza safari ndefu ya kwenda baharini.

Kandokando ya mto huo imesimama mikoma, na hapo mimi na Shangazi tukajikuta nyumbani, kwani majani ya mkoma ndiyo miyaa tunayosukia ukili. Miaka yote nimesuka mikeka bila kujua kuwa mkoma nao una wa kiume na wa kike. Koma zake ni ngumu kama jiwe, na anayezisambaza ni ndovu. Humeza tunda zima, hutembea nalo, kisha huliacha mbali na mama yake, katika lundo la samadi lenye unyevu. Muelekezi alitusimamishia gari kando ya lundo kama hilo tukalitazama kwa dirisha. Juu yake palikuwa na miche imeota, midogo kama ya kunde.

Migunga nayo hufaidika na mdomo wa mnyama. Maganda yake yakianguka, wadudu wa ukoo wa wale wanaotoboa kunde zetu kabatini huziingia mbegu na kuzila kwa ndani. Mnyama akiyala maganda mapema, mbegu nyingi husalimika, na zile zisizosagwa na meno hutoka zimelainika gamba na tayari kuota. Huyu huyu ndovu aliyeangusha msitu ndiye aupandaye. Kwa hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021, eneo la Tsavo lilikutwa na ndovu wapatao 15,000. Wakizidi mno mti hufa, na wakitoweka mti hukosa mbebaji. Nikaelewa kwa nini wakuu wale wa zamani walibishana kwa uchungu mkubwa.

Kabla ya kuaga mto tuliona kichaka kipana chenye matawi yaliyoinama mpaka chini. Muelekezi alipotaja jina lake, gari zima lilipiga kelele. Ulikuwa mswaki, mti wenyewe wa sunna, ambao vijiti vyake twanunua vikiwa vimefungwa kwa nailoni baada ya sala ya Ijumaa. Maua yake ni madogo mno, na vitunda vyake hupendwa na ndege, ambao ndio wanaozipeleka mbegu. Mume wangu alitamani kukata kijiti kimoja kwa baraka. Muelekezi akatabasamu akakataa. Hifadhini hakukatwi kitu, hata mswaki.

Tulitokea lango la Sala na tukaandama barabara ya vumbi mpaka Malindi. Kutoka hapo kuja Takaungu tulipita mibuyu mingi ya Kilifi, na safari hii sikuipita kwa macho matupu. Mtakumbuka kuwa mwaka 2022 katika kaunti hii mibuyu iling'olewa mizima na mizizi yake ili isafirishwe kupelekwa nchi ya Georgia, habari zikaenea dunia nzima, na serikali ikaamuru uchunguzi. Wenye mashamba waliouza walikuwa na shida zao, na sitawahukumu. Ila niliona kwamba anayeuza mbuyu mmoja huuza pia unga uliokuwa ukienda kwa jirani, na maakuli ya popo, na mabuyu ya watoto ambao hawajazaliwa. Na bei ile hailipi vyote hivyo.

Takaungu tulifika Alasiri. Ami alikuwa kiwanjani na fundi, wamekwisha kutandika kamba za msingi. Nilijiandaa kusema mengi niliyojifunza. Shangazi akanitangulia. Alimwamkia fundi, akamwomba nafasi, kisha akakaa juu ya mzizi wa mbuyu.

"Kakangu," akasema, "mimi ninayo hisa yangu katika ardhi hii. Sikuwahi kuidai. Leo naidai, na naitaka hapa nilipokaa."

Ami akamtazama kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo maneno aliyoyasema siku ile yalipomrudia, maana uso ulimbadilika, akaangalia chini. Hakuomba radhi mbele yetu; wanaume wa umri wake hawajazoea. Alimwambia fundi, "Ng'oa kamba. Tuanzie upande wa pili." Fundi akasema chumba kimoja kitapotea. Ami akajibu kuwa amesikia.

Vyumba vimejengwa, vitano badala ya sita. Popo hakuwasamehe. Ameziba kila uwazi wa dari kwa waya wa kuku, na kuta amezipaka rangi ya kahawia ili uchafu usionekane. Juzi vuli ilipoingia tena, mbuyu ulichanua kama kawaida yake. Nilimkuta Shangazi baada ya Magharibi amekaa chini yake kwenye mkeka wa miyaa, watoto wa wapangaji wamemzunguka, vichwa vyote vimeelekea juu wakingoja tumba la kwanza lipasuke. Mmoja wao alimuuliza kama mti huu una matunda.

"Matunda yake yako kwa jirani," akasema. "Nyamaza uangalie, wageni wanakuja."

Wabillahi tawfiq.